Fomu Niliyoijaza kwa Salamu

Vijana wangu, wiki jana mmoja wenu alinisimamisha nje ya kanisa hapa Kathonzweni akaniambia amepata mkopo wa kujenga nyumba. Nikampongeza, maana nyumba ni nyumba. Nikamuuliza, "Na bima ya mkopo umechukua wapi?"

Akacheka. "Susu," akasema, yaani bibi, "hiyo imekuja na mkopo wenyewe. Kuna mahali unabonyeza 'nakubali', inaisha."

Inaisha! Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sijaisikia tangu nistaafu, na hata ndengu nilizokuwa nachambua nimezisukuma kando ili niwaandikie. Mimi ni Kalekye, lakini kuanzia Wote hadi vilima vya Kilungu, na kule Kitui nilikofanya kazi miaka kadhaa, walionijua kwa jina hilo ni wachache. Nilikuwa Mama Bima. Niliuza bima ya aina moja maisha yangu yote ya kazi: ile inayokulipia mkopo ukifa, au ukiumia usiweze kufanya kazi tena. Si ya gari, si ya ng'ombe. Watu wakiniona naja na mkoba wangu walihisi nimewaletea jeneza ndani yake. Kuna mama mmoja alikuwa akiniona tu anaingia jikoni na kusali.

Sasa nisikilizeni. Ukichukua mkopo mkubwa, benki itataka uwe na bima, na ile yao huwa imeshawekwa mezani pamoja na kalamu. Lakini mara nyingi hulazimiki kununua kwa yule yule anayekukopesha. Unaweza kwenda sokoni, ukatafuta kampuni nyingine, ukaleta bima yako inayosimama peke yake, mradi benki iikubali na iandikwe humo kwamba benki ndiyo italipwa kwanza. Karani hatakwambia hayo usipomuuliza. Simlaumu, naye ana bosi. Ila muulize.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bwana Musembi. Ofisi yake ilikuwa Wote, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mchana kutwa tulisikia mabati yakiburutwa chini yetu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia aliyoivaa hata wakati wa jua lile la Januari. Siku ya kwanza alinipa kijitabu cha bima nikisome. Nikafungua ukurasa wa kwanza, wenye picha ya baba, mama na watoto wawili wakitabasamu. Akaninyang'anya, akakigeuza.

"Kalekye, Biblia anza na Mwanzo. Bima anza na Ufunuo."

Mambo ambayo kampuni haitalipa yalikuwa nyuma, kwa herufi ndogo kama mtama. Alinifanya nisome kurasa zile kwa sauti mpaka nikawa naziota. Kisha akaniambia, akigonga ile picha ya mbele kwa kidole, "Hawa wanacheka kwa sababu hawajafika nyuma."

Alinifundisha na mengine. Uliza kama ada inashuka kadiri mkopo unavyopungua, au utalipia mkopo mzima hata ukibakisha kipande. Uliza ukimaliza mapema kama utarudishiwa chochote. Na wakikwambia ada yote italipwa mara moja na kuongezwa kwenye mkopo, shika kofia yako ukimbie, kwa maana sasa utalipa riba hata juu ya bima. Hilo la mwisho bado linawanasa wasomi. Nimeona mwalimu wa hesabu akinaswa.

Nami nilinaswa, tena na bima niliyoiuza mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kampuni ilileta nyongeza: ukipoteza kazi, wanakulipia mkopo kwa miezi sita. Nikaona hiyo ni habari njema, nikawauzia watu wote mbio mbio. Mmoja wao alikuwa mkulima wa machungwa wa huku kwetu, mtu mpole, aliyekopa anunue pampu. Mvua zikakosa misimu miwili. Akaja ofisini amevaa shati la Jumapili, akaketi, akavua kofia.

"Mama Bima, nimekuja ile maneno ya kupoteza kazi."

"Ulikuwa umeajiriwa wapi, Nau?" nikamuuliza, yaani baba, kwa heshima.

"Mwajiri wangu ni mvua," akasema. "Amenifuta."

Bwana Musembi alitoka nje kucheka. Mimi sikucheka, maana mzee yule hakuwa akitania hata kidogo. Nilikuwa nimemuuzia mtu asiye na mwajiri bima ya kufutwa kazi, naye alikuwa akiilipia kila mwezi kwa uaminifu. Nilimrudishia ada yake kutoka mfukoni mwangu, na tangu hapo kila nikiuza kitu nilijiuliza kwanza kama mnunuzi anaweza hata siku moja kukitumia. Nanyi mlio na vibanda na pikipiki zenu, jiulizeni hivyo kabla ya kulipia nyongeza ya aina hiyo.

Lakini kutafuta bima kwa kulinganisha sikufundishwa na Bwana Musembi. Nilifundishwa Kitui na mfanyabiashara wa mbuzi.

Aliitwa Abdi, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka kaskazini mashariki. Alikuwa na duka la jumla pale mjini, lakini moyo wake ulikuwa kwa mbuzi. Nilikwenda kumuuzia bima ya mkopo wa lori alilotaka kuchukua. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia yeye hachukui mkopo wa riba, na bima yake lazima iwe ile ya watu kuchangiana kwa taratibu za dini yake. Sikuwa na bima hiyo. Nikafunga mkoba.

"Ngoja, mama," akasema. "Umeuza bima miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Na hujawahi kununua hata moja? Walahi, ndiyo sababu unauza vibaya. Kesho kuja soko ya mbuzi."

Nikaenda. Alizunguka soko lote bila kuuliza bei hata mara moja, mikono nyuma. Akazunguka tena, sasa akiwaangalia wenye mbuzi kuliko mbuzi. Mara ya tatu ndipo akauliza bei, kwa watu watatu, na kila mmoja alimwona wazi akitoka kwa mwenzake. Kisha akamfungua mbuzi kinywa, akatazama meno, akampapasa mgongo. Kulikuwa na beberu mmoja mzuri wa bei ya chini kabisa. Nikamwambia, chukua huyo.

"Mbuzi ya bei rahisi iko na sababu," akanijibu. "Tafuta sababu kwanza. Bei, baadaye."

Nilirudi ofisini na daftari jipya. Tangu siku hiyo, mteja akija, sikumwonyesha bima moja. Nilimwekea tatu mezani, ya benki yake ikiwemo, tukazigeuza zote nyuma mbele, tukatafuta kila moja sababu yake. Wenzangu walisema nina wazimu, nawaonyesha wateja mlango wa kutokea. Lakini wateja walileta ndugu zao. Kisha nikarudishwa Wote, na miaka ile, vijana wangu, nilikuwa na raha! Nilipanda vijia vya Kilungu asubuhi na ukungu, viatu mkononi, nikitoka nyumba hii kwenda ile, na kila nyumba chai na ndizi. Natamani mngeniona. Siku hizi magoti hayataki kusikia habari ya kilima.

Huko Kilungu ndiko alikokuwa Mwalimu Kyalo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkubwa mwenye kicheko cha kujaza chumba. Alitaka kujenga nyumba ya mawe kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, na taitoli, ile hati ya shamba hilo, ndiyo aliyoiweka benki. Mkewe, Mama Mutheu, alikuwa mkulima. Mama mzazi wa Mwalimu aliishi nao. Basi kaeni mkijua kilichowekwa mezani: shamba lote la ukoo wa watu wale, na makaburi yake.

Mwalimu alikuwa mteja wa kupendeza. Tuliweka zile bima tatu mezani, tukaweka kokoto juu ya kila karatasi kwa ajili ya upepo, akasoma kutoka nyuma kama nilivyomwonyesha. Ya benki ilikuwa ghali. Yangu moja ilikuwa nafuu kubwa, ilishuka pamoja na mkopo, na ilimrudishia kitu kama angemaliza mapema. Akauliza, "Na hii kwa nini ni rahisi hivi?" Nikamwambia sababu bila kusita: benki inachukua watu wote kwa jumla, na kwa mkopo wa kiasi chake haiulizi habari za afya, kampuni hii inauliza, inachagua walio wazima, ndiyo maana inawatoza kidogo. Sababu niliijua. Niliitamka kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha nikaifuta kichwani, kwa maana mbele yangu alikaa mtu mwenye mabega kama mlango.

Hapa lazima niwaeleze jambo, ingawa mnalijua. Kwetu mgeni hahoji mtu. Anasalimu. Nyumbani ni kwema? Watoto? Ng'ombe? Mwili? Na jibu ni moja tu: twi aseo, tuko wazima. Hata mtu aliyelazwa hospitalini, ukimtembelea, anakujibu yu mzima, halafu ndipo anakueleza kwa nini ana mpira puani. Kusema vinginevyo kwenye salamu ni kukosa adabu, tena ni kama kumlalamikia Mungu mbele za watu.

Nami nilikuwa na mbinu yangu, na nilijivunia. Wenzangu walitoa fomu wakawahoji watu kama polisi, wateja wakaogopa. Mimi niliweka fomu gotini chini ya meza, nikaijaza huku tukizungumza. Mteja hakujua hata ameulizwa nini. Siku ile Mama Mutheu alikuwa akimimina chai, mama mzazi ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Na mwili, Mwalimu?" nikasema. "Hakuna presha, hakuna sukari, mambo ya siku hizi?"

"Aa, twi aseo," akajibu kwa kile kicheko. "Mungu anatutunza."

"Amina," akasema mama yake.

Nikaweka alama kwenye HAPANA, kutoka juu hadi chini, bila kuinua kichwa. Akatia saini. Nikanywa chai yangu, nikateremka kilima nikiimba.

Miaka mitatu baadaye Mwalimu Kyalo alianguka darasani akiwa na chaki mkononi. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Tulimzika kwenye shamba lile lile, karibu na baba yake, nami nilisimama pale nikiwa na huzuni lakini na amani pia, nikijua kwamba nyumba imelipwa. Nilimwambia hivyo Mama Mutheu nikimshika mkono. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Miezi miwili baadaye alikuja Wote. Alikuwa na bahasha mbili. Hakulia wala hakuketi.

"Mama Bima, nisomee hii."

"Hujaisoma?"

"Nimesoma. Lakini nisomee wewe."

Ilikuwa barua ya kampuni yangu. Ilisema kwamba marehemu alikuwa akitibiwa presha katika kliniki ya Machakos tangu miaka mingi kabla ya kutia saini, kwamba kwenye fomu alikana, na kwamba kwa hiyo hawatalipa. Bahasha ya pili ilitoka benki. Hiyo ilizungumzia mnada.

Nilipomaliza kusoma aliniuliza, polepole, "Mwalimu alikuwa na presha?"

Hakujua. Miaka yote hiyo, kila mwisho wa mwezi, mumewe alimwambia anakwenda Machakos kuchukua vitabu vya shule. Alilijua jambo hilo kutoka kwa barua ya bima, akaja kulihakikisha mbele ya meza yangu, chini yetu wakiburuta mabati.

Alipoondoka nilitoa ile fomu kwenye faili. Alama zote zilikuwa za mkono wangu, zimepangana vizuri kama mishono. Nilimkumbuka Mwalimu akijibu, na mkewe amesimama na birika, na mama yake dirishani. Angejibu nini mbele yao? Niliona aibu kwa majuma. Na kilichonichoma zaidi ni hili: kama ningemwacha na ile bima ya benki, ghali kama ilivyokuwa, hakuna mtu ambaye angemuuliza kitu. Mkopo ungelipwa. Mimi ndiye niliyemhamisha.

Bwana Musembi alikuwa amekwisha kustaafu. Msimamizi mpya aliniambia, "Saini si ni yake? Nyamaza, Mama. Wewe uko safe." Na kweli, kwa karatasi nilikuwa salama. Nililala juu ya usalama huo siku mbili tu. Siku ya tatu niliandika kurasa mbili kwa mkono, nikapeleka nakala benki ili wasubiri kwanza, nikaenda Nairobi makao makuu.

Mkuu wa madai alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alisoma kurasa zangu mara mbili.

"Ulimsomea maswali?"

"Hapana. Nilimsalimia."

"Ulimsalimia?"

Nikamweleza chai, na mke, na mama mzazi wa Mwalimu, na fomu gotini. Naye alikuwa mtu wa kijijini kwao, ingawa si kwetu. Niliona ameelewa kabla sijamaliza.

"Unajua unajiandikia nini hapa?"

"Najua."

"Basi usiniombee huruma ya kampuni," akasema, "kwa sababu haina. Lakini aliyeshika kalamu ni mtu wetu. Hilo naweza kulipeleka mbele."

Tulingoja miezi mitano. Nilifunga na kuomba, na nilipungua mpaka sketi zikanikataa. Mwishowe walilipa mkopo wote, na mimi nikasimamishwa kazi mwaka mzima bila shilingi. Nilirudi shambani nikalima. Sikulalamika, na bado silalamiki.

Niliporudi kazini niliuza kidogo kuliko zamani. Fomu niliiweka juu ya meza. Niliwaambia watu, haya ninayouliza sasa si salamu, na hakuna mtu atakayekuona huna adabu ukisema unaumwa. Nilimsomea mtu swali zima, nikampa kalamu aandike jibu mwenyewe. Na kama nyumba ilikuwa na watu, nilimwomba mwenyewe anionyeshe mahindi yake, tukatembea hadi kwenye ua, nikamuuliza huko. Mngeshangaa wanaume wangapi wana sukari wakifika kwenye ua. Wengine niliwarudisha kwenye bima ya benki, nikawaambia lipa hiyo ghali, ndiyo yako, nikakosa komisheni. Kwa hiyo ninyi mnaobonyeza simu, tafuteni bima, linganisheni, zigeuzeni nyuma, lakini mkiulizwa habari za afya, simameni mjibu kweli. Simu haijui adabu zetu. Inaandika tu ulichobonyeza.

Siku Mama Mutheu alipochukua taitoli yake benki, alinialika kwake. Nilipanda kile kilima nikiwa na hofu kuliko siku nilipokwenda Nairobi. Nyumba ya mawe ilikuwa imepakwa rangi. Mama yake Mwalimu alinisalimu vizuri, akaenda kulala. Mama Mutheu aliniandalia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Niliweka kijiko kinywani, nikaona hakina chumvi kabisa, nikafikiri amesahau kwa sababu ya shughuli. Nikatazama mezani kama kuna chombo cha chumvi.

"Hakuna," akasema. "Siku hizi sipiki nayo."

Nikashusha kijiko.

"Mwalimu alipenda chumvi sana. Nikiweka chakula alikuwa ananiambia, Mama Mutheu, ongeza kidogo. Naongeza. Anakula akicheka na watoto. Daktari wa Machakos ameniambia alimkataza tangu siku ya kwanza." Alikunja mikono mapajani. "Nyumba mmelipa, na ninashukuru. Nashukuru kabisa. Lakini siku ile nilikuwa hapa na birika, Mama Bima. Kama ungemuuliza ukangoja jibu, hata angekataa kusema, mimi ningemwangalia uso. Ningejua. Sasa kila siku nahesabu ni vijiko ngapi nilimpa na mkono wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Nilitaka kumwambia lilikuwa langu, au la Mwalimu mwenyewe, au la adabu zetu sote. Nilikula chakula kile chote, nikamsogezea sahani, nikaomba aniongeze.